Kijitabu cha tarbia cha shilingi 6,000: vina kimenifunza, mizani kimenikosesha

Nilikinunua Tanga, kwa muuza vitabu aliyetandaza chini karibu na stendi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaolewa, na shangazi mtu nilishajigamba kuwa shairi la harusi nitatunga mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Kupima naweza, kutunga ndiyo kwanza.

Mchoro wa ukurasa wa 9 ni mzuri kwa kweli. Ubeti wa tarbia una mishororo 4, yaani mistari, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), mizani, yaani silabi, 8 kwa 8. Kina cha kati kifuatane na cha kati, cha mwisho na cha mwisho. Mimi nilikuwa nikidhani kina ni herufi ya mwisho, basi "meza" na "duka" nikaona vimepatana. Kumbe ni silabi nzima ya mwisho! Hapo tu pesa yangu ilirudi.

Kwenye mizani ndipo nilipoumbuka. Mwandishi anasema "hesabu silabi" kisha huyo, anakwenda zake. Mbaya zaidi, kwenye mfano wake neno "mtu" amelihesabu mizani moja, nami nikamfuata. Nikampelekea baba mdogo beti zangu. Yeye hasomi shairi kimyakimya. Analighani, vidole vinagonga meza. Akakwama.

"Mwanangu, m-tu. Hiyo m imesimama peke yake, ina mizani yake. Ya 'mwana' ndiyo imeungana na wa."

Tukarudi mshororo wa kwanza: "Nimekaa na sindano, tangu jua la asubuhi." Ukwapi 8, sawa. Utao 9. Akakata a moja tu, ikawa "tangu jua la subuhi", na sauti ikakaa. Huko kufupisha neno ndiko kunakoitwa inkisari. Nilipokuja kutazama, neno hilo limo kijitabuni, ukurasa wa mwisho, kwenye msamiati, bila mfano hata mmoja.

Utenzi umepewa nusu ukurasa, sikuusoma.

Mwanafunzi wa sekondari anayetaka majina ya kujibia mtihani, akinunue. Anayetaka kutunga anunue pia, ila beti zake amghanie mtu kabla ya kuzipeleka ukumbini. Na ajue gundi ni ya wasiwasi: siku ya nne kurasa zilianza kuchomoka, mgongo nikaushona kwa uzi wa jinzi.