Vanila Iliyolowa: Uzoefu Wangu na Tumbaku ya Kiko Yenye Manukato

Naanza na hukumu, ili msomaji asiye na subira apate alichokifuata na kwenda zake: tumbaku ya kiko yenye manukato ya vanila ni kitu kizuri, ladha yake ipo kweli na mtu anaweza kujifunza kuitambua, ila muuzaji aliyeniuzia hastahili kusimama nyuma ya kaunta yoyote, hata ya kuuza chumvi. Sehemu ya kwanza ya hukumu hii huenda ikayumba kabla sijamaliza. Ya pili haitayumba.

Duka lenyewe sitalitaja. Liko St. Louis, katika jimbo la Missouri, ninakoishi kwa miaka kadhaa sasa, na ni la aina inayopatikana katika miji mingi ya Marekani: rafu za mbao, viti vya ngozi ambamo wastaafu hujiegemeza wakivuta tangu asubuhi, na safu ya mitungi mikubwa ya kioo yenye vifuniko vizito, kila mmoja ukiwa umebandikwa jina la kifahari lililobuniwa na duka. Maduka mengi ya namna hii hununua tumbaku kwa wingi kutoka kwa wachanganyaji wakubwa na kuipa jina la nyumbani, jambo ambalo silioni kuwa kosa, ingawa bwana huyu aliizungumzia vanila yake kana kwamba aliichemsha mwenyewe jikoni kwa mama yake.

Alifunua mtungi akaniletea puani. Harufu ilikuwa ya ajabu, hilo nalisema bila kinyongo: vanila, sukari iliyoungua kidogo, na chini yake kitu kinachokaribia kakao. Nikapeleka mkono nichukue majani machache niyaminye, kwa kuwa tumbaku haihukumiwi kwa pua peke yake. Akauvuta mtungi kwa nguvu, kifuniko kikagonga kioo, na wale wastaafu wote wakageuka. Akasema hairuhusiwi kugusa, kisha akaleta sheria: eti serikali imepiga marufuku kutoa sampuli. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 kanuni za mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani zinawakataza wauzaji kugawa bure sampuli za tumbaku ya kiko. Lakini mimi sikuomba kuvuta bure, nilitaka kuminya. Kama hoja ingekuwa usafi ningemwelewa, maana hakuna anayependa tumbaku iliyopita katika viganja vya mji mzima, na hata hivyo angeweza kunidondoshea majani mawili matatu kiganjani akayatupa baadaye. Hakufanya hivyo. Alinitazama tangu kofia hadi viatu, akawageukia wateja wake wa vitini, na akasema kwa sauti ya kusikika na wote: “Wanaoanza wote huchukua vanila. Haina ladha ya tumbaku, ila wao hawajui tofauti.” Mmoja wao akacheka.

Wanaoanza! Nimezaliwa Urambo, mkoani Tabora, mahali ambapo mtoto huijua tumbaku ya mvuke, yaani ile inayokaushwa kwa joto la moto, kabla hajajua kuandika jina lake. Nimekesha kando ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, wakati baba akilinda moto ili joto lipande taratibu, kwanza majani yageuke manjano, kisha yakauke bapa lote, na mwisho kabisa ukauke ule mshipa mnene wa katikati, ambao hukawia kuliko vyote na ndio unaoozesha mtumba mzima ukifungwa ukiwa mbichi. Majani ya aina iitwayo Virginia yanayokaushwa kwa njia hiyo hubaki na sukari nyingi, na bani likifunguliwa asubuhi hutoa harufu ya asali na nyasi kavu ambayo hakuna kiwanda kilichoinyunyizia chochote. Anayeniambia mbele ya watu kwamba sijui ladha ya tumbaku anamgusa na marehemu baba yangu. Kiko nimekianza ukubwani, na tumbaku iliyotiwa manukato nilikuwa siijui. Ndiyo sababu nilikwenda kwa mtu anayelipwa kuijua.

Nilinunua wakia mbili kwa hasira tu, na nadhani wauzaji wa tabia hiyo wanaitegemea sana hasira ya mteja. Nyumbani nikaishika kwa mara ya kwanza, na mkono ukanieleza yote ambayo mdomo wa muuzaji ulikuwa umeyaficha. Ilikuwa imelowa. Nikiiminya inabaki donge, na vidole vinanata. Nikaishindilia katika kiko changu cha briar, ile mbao ngumu itokayo katika uvimbe wa mzizi wa kichaka cha pwani za Mediterania, nikaanza kuwasha njiti baada ya njiti. Kila ilipokubali kushika moto, kiko kilikoroma kama mzee mwenye mafua, na maji meusi machungu yakapanda na mrija hadi ulimini. Ulimi uliungua, na kilichouunguza ni mvuke, kwa sababu maji yaliyomo katika tumbaku huchemka moto unapoyafikia, na moshi uliojaa mvuke hubeba joto kali kuliko moshi mkavu. Vanila haikuonekana. Nilikuwa ninakunywa maji ya moto yenye ladha ya karatasi iliyochomwa, huku nyumba nzima ikinukia keki.

Sababu ya ulowevu huo inajulikana na kila mtu wa biashara hiyo, akiwamo yule bwana. Tumbaku za manukato hutengenezwa zaidi kwa majani ya aina iitwayo Burley, ambayo hukaushwa kwa hewa, hubaki na sukari kidogo sana na hunyonya mchuzi vizuri, pamoja na ile inayoitwa Black Cavendish, yaani majani yaliyotiwa utamu, yakapikwa kwa mvuke na kushindiliwa mpaka yakawa meusi na laini. Mchuzi wa kwanza, wa sukari au kakao au vinavyofanana navyo, huingizwa mapema ili uzame ndani ya jani. Manukato yenyewe, vanila au ramu au cheri, hunyunyizwa mwishoni na kubaki juu juu, na ndiyo maana huijaza pua mtungi unapofunuliwa na huwa ya kwanza kutoweka moto unapoingia. Halafu huongezwa propilini glikoli, kimiminika kinachoshika unyevu ili tumbaku isikauke dukani. Mambo haya yangeweza kuelezwa kwa mteja kwa muda uleule uliotumika kumdhihaki.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira upya kila ninapokumbuka. Tumbaku hiyo huuzwa kwa uzito, na maji pamoja na glikoli hupanda mizani bega kwa bega na majani. Kwetu Urambo, mkulima akifikisha sokoni mtumba wenye unyevu mwingi, mkono unaingizwa, majani yanaminywa, na mtumba unakataliwa au unashushwa daraja. Tena mkulima huyo hutazamwa kama mwizi, kwa kuwa tumbaku yenye maji huvunda na huongeza uzito usiokuwa wake. Pale mkono unaruhusiwa, kwa sababu ni mkono wa mnunuzi mkubwa dhidi ya mkulima mdogo. Huku unyevu huohuo unaitwa ubora, unalipiwa kwa dola, na mnunuzi mdogo akinyoosha mkono anasomewa sheria. Sidai kwamba bwana yule aliilowesha mwenyewe. Inawezekana kabisa ilimfikia hivyo. Nadai kwamba alijua, na kwamba mkono wangu ungejua pia kama angeuacha ufike.

Sikuitupa, kwa kuwa nimelelewa na watu wasiotupa tumbaku. Niliitandaza juu ya karatasi mbali na jua na kuiacha. Glikoli haiondoki kirahisi, kwa hiyo tumbaku ya aina hii inaweza kukaa wazi saa nyingi na bado ikanata kidogo, na anayeingoja ikauke kama majani ya chai atangoja bure. Kipimo ni vidole, kwamba ukiiminya ikabaki donge bado, na ikifumuka polepole yenyewe iko tayari. Nikabadili na kiko. Katika mji mdogo wa Washington, hapahapa Missouri, yapata saa moja kwa gari kutoka kwangu, kampuni ya Missouri Meerschaum imekuwa ikitengeneza viko vya magunzi ya mahindi tangu mwaka 1869. Ni vya bei ndogo, gunzi hunyonya unyevu, na harufu ya tumbaku moja haing'ang'anii humo kama inavyong'ang'ania katika briar, ambayo ikishaizoea vanila huirudisha hata ukivuta tumbaku nyingine. Kwa anayejifunza manukato sijui chombo kinachofaa zaidi ya hicho, na hakuna mtu dukani aliyenitajia, labda kwa sababu faida yake ni ndogo.

Ladha ilikuja baada ya hapo, na haikufanana na harufu ya mtungi. Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, kwani wanaingoja vanila ya aiskrimu iwajie ulimini, na ulimi hauna uwezo huo. Ulimi hutambua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ule ukolezi wa mchuzi wa nyama, wakati vanila yote ni kazi ya pua. Moshi ukishajaa mdomoni haushushwi kifuani. Husukumwa kidogo nyuma, mdomo ukiwa umefumbwa, utoke puani, na hapo ndipo vanila huonekana, nyembamba sana, karibu na maziwa yaliyopashwa moto kuliko keki. (Kwamba moshi haufiki kifuani isiwe faraja ya uongo kwa yeyote: saratani ya mdomo haijali moshi unanukia nini.) Ukivuta kwa haraka inazimwa na joto. Ukivuta kwa kunyonya kidogo tu, kiasi cha kutouacha moto ufe, na ukikubali kuuwasha tena unapokufa bila kuona haya, utamu hukaa nyuma ya meno na juu ya kaakaa. Kadiri tumbaku inavyoteremka katika bakuli la kiko ndivyo vanila inavyojiondoa, na kinachobaki ni Burley yenyewe, yenye ukavu wa karanga zilizokaangwa na uchungu mwepesi wa kakao isiyo na sukari. Nimeipenda sehemu hiyo ya kati kuliko mwanzo. Mwisho wa bakuli ni jivu na uchungu, achana nao.

Kumbe ladha ipo! Na ni ladha ya tumbaku, kinyume kabisa na alivyodai yule bwana mbele ya hadhira yake. Manukato hayaifichi Burley. Huisindikiza kwa robo tatu ya njia kisha huiacha iende peke yake.

Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua, na nikilitafakari naona hukumu niliyoanza nayo ikilegea. Jirani yangu, mama wa Uvira, Kongo, ambaye anajua kupika na hana sababu ya kunibembeleza, alinigongea jioni moja kuniuliza, “Papa, leo munapika gato?” Gato ni keki kwa Kiswahili cha kwao. Alikuwa barazani kwake na alipata vanila kamili, ile ya mtungini. Mimi niliyelipa, niliyeanika, niliyewasha, nilikuwa nimepata kivuli chake. Anayevuta ndiye anayeinusa kidogo kuliko wote waliomzunguka. Je, si kusema kwamba nimenunua manukato ya majirani? Siku hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba tumbaku zote za manukato ni hila, kwamba zimebuniwa ili mtungi umshinde mteja kabla njiti haijawashwa, na kwamba Virginia tupu isiyonyunyiziwa kitu, yenye utamu wake wa kuzaliwa, inamheshimu mvutaji zaidi. Bado nina siku za kufikiri hivyo, hasa baada ya kujaribu cheri, ambayo kwangu ina ladha ya dawa ya kikohozi tangu kuwashwa hadi kuzimwa, hata ikikaushwa vipi.

Lakini vanila nimeirudia, na, kwa aibu ya yule bwana kuliko yangu, nimeirudia dukani kwake, maana mitungi mingine ya karibu sijaiona. Safari hii nilimwambia kabla hajafunua kitu kwamba ninataka vanila, na kwamba ninataka pia Burley tupu ya uzito uleule nichanganye mwenyewe nyumbani. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamjibu kwamba ni tumbaku yake, baada ya kuitoa maji aliyonitoza. Hakucheka, na wale wa vitini walikuwa wakitazama televisheni. Alinipimia bila neno, akafunga mfuko, akarudisha chenji kwa kuiweka juu ya kaunta badala ya mkononi mwangu.

Kwa tumbaku basi ninatoa alama nzuri, zikiwa na sharti la karatasi ya kuanikia na kiko cha gunzi; bila hivyo viwili ninazifuta zote. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na Burley ni bora kuliko vanila peke yake, ingawa jirani yangu analalamika kwamba baraza halinukii tena kama zamani. Huduma ya duka haipati alama hata moja. Anayetaka kujaribu anunue wakia moja tu, aianike, aivute yote polepole kabla ya kuamua. Wakia ya pili, kabla ya hapo, ni ya kumnufaisha yule bwana.