Kituo cha kusafisha damu kisiwani Mombasa: maji safi, mikono mizuri, dakika pungufu

Hapa natathmini kituo cha kibinafsi kilichoko kisiwani Mombasa, ambako nasafishwa damu kwa mashine (dialisisi, kwa sisi ambao figo zimeshindwa kazi) mara 2 kwa wiki kwa malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya. Jina lake silitaji. Nataka kila anayesoma akakague kituo chake mwenyewe.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo mgonjwa asiyoyaona na ndiyo yanayoweza kumdhuru haraka kuliko kitu kingine pale. Mashine hupitisha takriban mililita 500 za maji ya dawa kwa dakika upande wa pili wa chujio. Kwa masaa 4 hizo ni lita 120, za mtu mmoja, kipindi kimoja. Kati ya maji hayo na damu pana utando mwembamba tu. Na maji ya Mombasa twayajua: leo ya mfereji, kesho mgao, keshokutwa lori au kisima cha chumvi. Maji magumu yakipita bila kulainishwa, kalisi na magnesi huingia kwenye damu: kichwa kinauma, kichefuchefu, presha inapanda. Maji yaliyotiwa klorini nyingi ni mabaya zaidi, kwa kuwa klorini na kloramini hupasua chembe nyekundu za damu.

Kituo hiki kina tangi la kulainisha maji, matangi 2 ya mkaa yaliyofuatana, kisha mtambo wa RO (husukuma maji kwa nguvu kupita utando mwembamba ili chumvi na uchafu vibaki nyuma). Kipimo cha klorini hufanywa kabla ya kila zamu, mtambo ukiwa umeshazunguka dakika 15 au zaidi, na sampuli hutolewa baada ya tangi la kwanza la mkaa. Mpangilio huo ni sahihi: tangi la kwanza likichoka, la pili bado linamlinda mgonjwa wakati tatizo likishughulikiwa. Kiwango kisizidi miligramu 0.1 kwa lita. Daftari limetundikwa mlangoni mwa chumba cha maji, na ukiuliza unaonyeshwa. Kwa hili nawapa alama zote. Ukienda mahali ukaambiwa daftari "liko ofisini", rudi siku nyingine uulize tena, na ukipewa jibu lile lile tafuta pengine.

Kipimo cha bakteria ni jambo jingine. Maji ya mashine hayatakiwi kufikisha vimelea 100 kwa mililita, na ikifika 50 ni lazima mabomba yaoshwe kwa dawa. Hapa hupimwa kila mwezi, lakini sampuli huchukuliwa pale tu maji yanapotoka kwenye RO. Bakteria hupenda kukaa mwisho wa bomba, kwenye kona na mahali maji yanaposimama, hivyo sampuli ya mashine ya mwisho kabisa ndiyo yenye habari. Ukiona watu wawili watatu wa upande mmoja wa ukumbi wanatetemeka kwa baridi nusu saa baada ya kuunganishwa, hali kabla ya hapo hawakuwa na homa, shuku bomba kabla ya kushuku kateta zao (mirija ya kutolea damu iliyowekwa mwilini).

Mikono ya wauguzi ni mizuri mno. Kabla ya sindano, fistula (mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri kwa upasuaji) huguswa kuhisi mtetemo na husikilizwa kwa stethoskopu, kila mara, hata kama mgonjwa ni wa miaka. Fistula changa huanza na sindano nyembamba ya namba 17, ikizoea wanahamia nene zaidi, 16 au 15 (namba ikipungua, sindano ni nene). Hawachomi tundu lile lile. Wanapanda mshipa kama ngazi, na sindano mbili huachana angalau sentimita 5 ili damu iliyosafishwa isivutwe tena na sindano ya kwanza. Kuchoma pahali pamoja kwa sababu hapaumi ndiko kunakoleta uvimbe kama yai kwenye mkono, na uvimbe huo siku moja ukipasuka damu haizuiliki kwa kitambaa. Mgonjwa akiomba "nichome palepale", hapa wanakataa kwa upole na kumweleza. Nawaheshimu kwa hilo.

Kwa wenye kateta ya shingoni, mgonjwa na muuguzi wote huvaa barakoa wakati wa kuifungua, na vifuniko husuguliwa kwa dawa kabla ya kuunganishwa. Tatizo ni joto letu. Kiyoyozi kikiharibika, na huharibika hasa Januari hadi Machi, jasho hunyanyua plasta kabla ya siku 2 kupita. Kituo hubadilisha plasta siku ya kipindi tu. Ikibanduka katikati, usijifunike kwa selotepu nyumbani. Rudi wakubadilishie, hawatozi.

Homa ya ini ya B wanaichukulia kwa uzito: chumba cha pembeni, mashine yake, vifaa vyake, na mgeni hapewi kiti bila majibu ya damu. Wageni wa likizo ya Desemba hukasirika wakirudishwa mlangoni, lakini ukali huo ndio unaomlinda aliyekaa tayari. Waliobaki huchanjwa kwa dozi kubwa ya mikrogramu 40, kwa kuwa mwili wa mgonjwa wa figo haujibu chanjo vizuri.

Sasa shida, nayo ni muda.

Kituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 1 usiku, zamu 3. Hayo ni masaa 13. Gawanya kwa 3: kila zamu inapata masaa 4 na dakika 20. Toa dakika 35 za mashine kujiosha kwa joto kati ya mgonjwa na mgonjwa. Toa 15 za kuchoma sindano na kuunganisha, na 15 za kurudisha damu na kubana tundu. Zinabaki dakika 195, yaani masaa 3 na robo. Karatasi inasema masaa 4. Hakuna anayedanganya kwa makusudi, ila wanahesabu tangu mgonjwa anapokaa kitini, wakati kusafishwa kunaanza pampu inapozunguka.

Angalia maana yake kwa mtu mwenye uzito mkavu (uzito wake bila maji ya ziada mwilini) wa kilo 62 aliyekuja na 65.1. Maji ya kutoa ni lita 3.1, ongeza mililita 300 za dripu ya kurudishia damu na kikombe cha chai, jumla lita 3.4. Kasi ya kutoa maji haipaswi kuzidi mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Kwa masaa 4 kamili anafika 13.7, tayari kidogo juu. Kwa masaa 3 na robo anafika karibu 17. Hapo ndipo misuli ya miguu inakakamaa, presha inaanguka, muuguzi anakimbia na dripu ya mililita 200 (maji yale yale yaliyokuwa yakitolewa), na moyo unaumia kidogo kidogo bila kelele. Mtu anarudi nyumbani hoi, anaambiwa "ulikunywa maji mengi". Huenda ni kweli alikunywa mengi, lakini pia aliibiwa dakika 45. Na wengi wetu huku tunasafishwa mara 2 kwa wiki, wakati kipimo kinachotumika sehemu nyingi za dunia ni mara 3, hivyo dakika hizo hatuna pa kuzifidia.

Dakika nyingine hupotelea kwenye stima. Stima zikikatika, betri ya mashine huendeleza pampu ya damu kwa dakika 15 hadi 20, na jenereta huwaka mapema kuliko hapo. Ila RO haijiwashi yenyewe, mtu lazima aende akaiwashe. Kabla maji hayajatengemaa joto na kiwango cha chumvi, mashine huyapitisha kando ya chujio. Damu inazunguka, saa ya ukutani inatembea, na hakuna kinachosafishwa. Mwambie muuguzi aongeze dakika hizo. Wengine huongeza wenyewe, wengine mpaka wakumbushwe.

Kipimo kinachoonyesha kama muda ulitosha ni asilimia ya yurea (taka ya damu ambayo figo huitoa) iliyopungua, nayo inatakiwa ifike 65. Mfano: kabla 24, baada 8, imepungua kwa asilimia 67, ni sawa. Lakini sampuli ya mwisho huchukuliwa baada ya kupunguza pampu hadi mililita 100 kwa dakika kwa sekunde 15, kabla dripu haijarudisha damu. Hapa nimeona ikichukuliwa baada ya kurudisha damu, ikiwa imeshachanganyika na dripu. Yurea inaonekana imeshuka sana, majibu yanapendeza, na mgonjwa asiyesafishwa vya kutosha anaonekana mzima kwenye faili. Hili nalikataa kabisa. Simama na muuguzi wako siku ya vipimo, umwombe kwa adabu achukue sampuli kwanza.

Uzito mkavu nao hausahihishwi ipasavyo. Daktari bingwa huja mara moja kwa wiki, na aliye zamu nyingine humkosa. Mtu akikonda kwa ugonjwa bila uzito mkavu kushushwa, maji huchukua nafasi ya nyama na mizani haionyeshi kitu. Dalili ni kushindwa kulala chali, miguu kuvimba na presha kutoshuka hata baada ya kipindi.

Karatasi ya lishe wanayogawa imejaa matunda ya nchi za baridi ambayo sokoni Marikiti ni ya kutafuta. Haitaji madafu, ambayo yana takriban miligramu 200 za potasiamu kwa kila mililita 100, hivyo dafu la mililita 400 peke yake linakaribia nusu ya miligramu 2,000 ambazo wengi tunaruhusiwa kwa siku. Haitaji mbaazi za nazi, ng'onda, tende za futari, wala achari ya birimbi, tunda lenye oksaliti nyingi ambalo mgonjwa wa figo hapaswi kulionja. Kuhusu mihogo na viazi, mpishi wa nyumbani akate vipande vidogo, achemshe kwa maji mengi, amwage, ndipo apike upya.

Malipo hayana usumbufu: SHA hulipa shilingi 10,650 kwa kipindi, nami sijaombwa nyongeza ya sindano wala chujio. Chujio hutolewa jipya mbele ya macho yako.

Kwa mwenye kateta, au anayeongeza chini ya kilo 2 kati ya vipindi, kituo hiki nakipendekeza. Anayeongeza zaidi aombe zamu ya tatu, inayoanza saa 8:40 mchana. Hakuna anayesubiri kiti nyuma yake, na mara nyingi wauguzi hukubali pampu iende hadi saa 1 usiku, kisha ndipo wakufungue. Wa Likoni na Ukunda wajue watafika kivukoni saa 2 usiku wakiwa wamechoka na tundu la sindano bado bichi, kwa hivyo wawe na mtu wa kuwashika mkono na kitambaa safi cha kubania.