Njozi mbili za Shaaban Robert: Kusadikika na Adili na Nduguze
Kusadikika (1951) ni nchi iliyo angani, lakini humo Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, na utetezi wake, unaosimulia wajumbe waliotumwa kutafuta mema ya nchi wakaishia gerezani, unawashtaki watawala wa hapa hapa duniani. Adili na Nduguze (1952) humtoa msomaji duniani kabisa: kuna majini, mji wa mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani, ambao Adili hulazimika kuwachapa kila usiku ingawa anawapenda. Anayetaka kuyasahau ya dunia atafaidi zaidi hiki cha pili. Mimi hukirudia cha kwanza, japo hotuba zake, kusema kweli, ni ndefu mno.