Ndoano ya Mazulia Yenye Shingo Nene: Inunuliwe au Iachwe?
Haya jamani, leo mezani kuna ndoano ya kutengenezea mazulia, ile ya mpini wa mbao na shingo nene ya chuma. Mpini ni mpini, tuachane nao. Shingo ndiyo habari, maana kwenye maoni mnauliza kila siku kama sindano ya kroshia haifai. Inafaa, ila itakutesa.

Tazama. Hiki ni kitambaa cha lineni, yaani kitani, kimevutwa kwenye fremu mpaka ukikigonga kinalia. Mkono wa kushoto uko chini, umeshika utepe wa sufu wa milimita 6. Nachoma ndoano kutoka juu, nasukuma mpaka shingo izame. Umeona tundu lilivyopanuka? Nanasa utepe, navuta, ncha ya kwanza yote inatoka juu. Naruka nyuzi mbili, nachoma tena, navuta kitanzi cha milimita 6 hivi, sawa na upana wa utepe. Ndoano ikitoka tu, nyuzi zinarudi kukibana. Hakuna fundo, hakuna gundi, zulia zima linashikwa na mbano huo! Kroshia nyembamba haipanui tundu, kwa hiyo mdomo wake, ile pengo ya kunasia kwenye ncha, unazoa nyuzi za kitambaa pamoja na utepe.

Sasa nakosea makusudi: nikivuta kwenda mbele, kitanzi cha nyuma kinazama. Laza mkono kidogo upande wa kitanzi ulichomaliza. Na usijaze kila tundu, jamani. Ukibananisha, zulia linajikunja, na hata ulipige pasi juu ya taulo bichi halilali sakafuni.

Bei sasa. Za kutengenezwa kwa mkono Marekani na Kanada nyingi zinapita dola 20 kabla ya usafiri, na hapo nakunja uso. Kazi hii ni ya watu waliobana matumizi! Karne ya 19, huko Maine ya Marekani na New Brunswick na Nova Scotia za Kanada, walichukua magunia ya juti, nguo kuukuu na msumari uliokunjwa, basi. Edward Sands Frost wa Biddeford, Maine, akakata violezo vya bati, akachapa michoro kwenye magunia na kuuza. Kule Newfoundland na Labrador, misheni ya tiba ya daktari Wilfred Grenfell ilitumia hadi soksi ndefu za hariri. Gunia lenyewe siwashauri: juti hukauka, ikakatika palepale zulia linapokunjwa.

Kwa hiyo pesa yako peleka kwenye lineni. Sufu chukua koti la mitumba, lifue kwa maji moto nyuzi zake zishikamane, ukate tepe kufuata uzi. Ukikata mshazari zinakatika mkononi. Andaa sufu mara 4 hadi 5 ya eneo utakalojaza.

Mashine ya umeme ya mazulia mnayoiomba itakuja video ijayo, ila ile inataka gundi nyuma, ni kazi nyingine kabisa.

Ndoano? Iache dukani, jitengenezee ya msumari wa inchi 4. Kata kichwa, upande huo ugongee kwenye mpini. Ncha ichongee mdomo kwa tupa, kisha piga msasa. Ipitishe juu ya soksi ya nailoni. Ikinasa, rudi kwenye msasa.