Spea za Raleigh ya zamani: zinazoingia, zisizoingia, na zinazoingia kisha zikaharibu

Mwenye Raleigh ya Nottingham, ile nyeusi ya breki za vyuma na kava ya cheni, ana nafuu kubwa Afrika Mashariki. India na China bado zinatengeneza vipuri vya baiskeli za umbo hilo, maana baiskeli hizo bado zinabeba mkaa, maziwa na mikungu ya ndizi. Kwenye maduka ya spea ya Kariakoo utapata madigadi, keria, stendi, kengele, pedeli na tairi bila kuzunguka sana. Hatari iko kwenye vile vinavyofanana na vya asili kwa macho, kumbe vimepishana thredi, nusu milimita, au ugumu wa chuma. Hakiki hii inapima vipuri hivyo kwa kuuliza swali moja tu: kikifungwa kwenye Raleigh, kitakaa?

Tairi ndiyo rahisi kuliko vyote, na ndiyo inayokosewa zaidi. Raleigh ya kazi inavaa 28 x 1½, na namba ya kutafuta ubavuni ni 40-635. Hiyo 635 ni kipenyo cha milimita cha pale tairi linapokalia rimu. Kuna jingine limeandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜, na muuzaji atakuambia, "Ishirini na nane ni ishirini na nane, bosi, linaingia hilo." Haliingii. Hilo ni 622, limepungua milimita 13, na utavunja vijiko vya tairi bure. Kwa Raleigh ndogo ya 26 x 1⅜, tafuta 590. Tairi la mauntini la inchi 26 ni 559, halina kazi hapo. La 597, lililotengenezewa Schwinn za Marekani, nalo huandikwa 26 x 1⅜. Hilo linapanda kwa ulaini wa kutia shaka, halafu linaruka kwenye rimu ukijaza upepo.

Tairi za India za 635 zinafaa kwa mzigo na bei yake inaeleweka. Kasoro yake ni umri wa dukani. Likunje ubavu kwa kidole gumba kabla ya kulipa: ukiona nyufa ndogondogo, liache hata kama halijawahi kuguswa na barabara.

Friwili na cheni havina maneno mengi. Friwili ya kawaida ya India inaingia kwenye habu ya Raleigh isiyo na gia, na cheni ni ½ x ⅛. Ila usifunge cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka. Itaruka siku ya kwanza ya mlima.

Kotapini ndicho kipuri kidogo kinachotesa kuliko vyote. Ile pini inayoshika krenki kwenye ekseli ya katikati, kwa Raleigh, ni ya milimita 9.5. Kwenye kopo moja dukani kuna za 9.5 na za 9.0 zimechanganywa, na jicho halitofautishi. Nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, au nenda na pini ya zamani uilinganishe kwenye tundu la krenki yenyewe. Ya 9.0 itaingia, tena kwa raha, utaikaza na kuondoka. Baada ya siku chache krenki inaanza kugonga kila pedeli inapopita juu, na tundu linakuwa yai. Tundu likishakuwa yai, hata pini sahihi haishiki.

La pili ni ugumu. Pini nyingi za bei ya chini ni chuma laini. Pitisha tupa mara moja kwenye kichwa: ikila kama inakata risasi, weka chini. Pini nzuri inaikatalia tupa kidogo, inatoa unga mwembamba. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo kiasi kwamba kununua laini ni hasara tupu.

Ufungaji nao una kanuni zake, na malalamiko mengi juu ya pini kwa kweli ni malalamiko juu ya ufungaji. Krenki iegemezwe kwenye kipande cha bomba la chuma kilichosimama sakafuni, chini ya tundu la pini, ili kishindo cha nyundo kiende ardhini kisipite kwenye goroli. Asiyefanya hivyo anachimba vishimo kwenye vikombe vinavyobeba goroli. Pini mbili zielekee kinyume: krenki zikiwa zimelala, nati ya kulia ikitazama juu, ya kushoto itazame chini. Zikiwekwa zote upande mmoja, pedeli hazikai kwenye mstari. Gonga pini hadi ikae, ndipo uweke washa na nati. Nati kazi yake ni kuzuia pini isitoke. Anayeivuta pini kwa spana anakula thredi. Ikiwa thredi zinazochungulia ni chache mno kubeba nati, chonga zaidi upande bapa wa pini kwa tupa, ukilinda mteremko uleule. Ikiwa pini imezama hadi nati inafika mwisho bila kubana, pini hiyo ni nyembamba au imechongwa kupita kiasi. Baada ya kilomita chache gonga tena, kaza tena.

Kuitoa ya zamani: legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, mwagia mafuta ya kupenya, acha ilale, kisha pigo moja zito na bomba likiwa chini yake. Vipigo ishirini vidogo vinaikunja pini na kuifunga humo humo. Mwenye jiriwa kubwa na kipande cha bomba cha kupokea kichwa cha pini ana njia ya amani zaidi.

Sasa vikombe vya ekseli ya katikati, na hapa ndipo tofauti ya Raleigh na baiskeli nyingine za Kiingereza inapouma. Baiskeli nyingi zina thredi 24 kwa inchi pale chini. Raleigh yenyewe ilikata 26. Kipenyo ni kilekile, kwa hiyo kikombe cha 24 kinaanza kuingia vizuri, mizunguko miwili au mitatu, kisha kinagoma. Fundi asiyejua anadhani ni kutu, anaongeza mpini wa spana, na anamaliza fremu. Kikigoma baada ya mizunguko michache, rudisha. Kumbuka pia kwamba kikombe cha kulia, upande wa cheni, kina thredi za kushoto: kinafunguka ukizungusha kama mshale wa saa.

Vikombe vipya vya 26 ndivyo adimu kweli. Havipo kwenye maboksi ya spea za kawaida, na anayesema anavyo mara nyingi anavyo vya 24. Kwa hiyo vikombe vya asili visitupwe kirahisi. Vikiwa na mikwaruzo midogo vinaendelea na kazi ukibadilisha goroli, 11 za robo inchi kila upande, zote mpya, bila kuchanganya na za zamani. Kikombe chenye shimo ambalo ukucha unalinasa kimekwisha. Hapo njia ya kwanza ni fremu chakavu ya Raleigh kwa wauza vyuma: toa vikombe, ekseli na krenki pamoja, uvinunue kama seti. Njia ya pili ni fundi wa kukereza chuma, awe na vipimo vya inchi. Njia ya tatu ni ekseli ya kisasa isiyotumia thredi za fremu, inayojibana yenyewe ndani ya bomba. Inafanya kazi na haidai matunzo, ila inataka krenki za tundu la mraba, na sura ya baiskeli inapotea. Kwa baiskeli ya kazi, sawa. Kwa ya kuhifadhi, hapana.

Tahadhari hiyohiyo ya thredi 26 ipo juu kwenye vikombe vya foku. Nati ya pale juu usiipoteze.

Kwenye habu ya gia tatu, pesa nyingi hutumika bila sababu. Raleigh nyingi za mzigo zilikuja bila gia, lakini zile za mjini mara nyingi zina Sturmey-Archer AW, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936 na kubaki ileile kwa miongo. Ganda la habu limepigwa muhuri wa mwaka, mara nyingi na mwezi. Kampuni hiyo ya Sturmey-Archer, ya Nottingham, ilianguka mwaka 2000, jina na mitambo vikanunuliwa na SunRace ya Taiwan, ambao wanaendelea kutoa vipuri.

Kabla ya kununua chochote, weka gia ya pili na uchungulie kwenye kidirisha cha nati ya kulia. Ncha ya fimbo iliyofungwa cheni ndogo inatakiwa kulingana na mwisho wa ekseli. Ikiwa imezama au imechomoza, tatizo ni kebo, na marekebisho ni kuzungusha kirekebishi kwa mkono. Habu nyingi zinazoitwa mbovu zina ugonjwa huo tu: kati ya gia ya pili na ya tatu pana nafasi tupu, pedeli inateleza kwa ghafla na goti linagonga usukani.

Kebo ikiwa sawa na bado inateleza, soma dalili. Ikikataa gia ya kwanza peke yake, tazama vimeno viwili, vile vidole vya springi vinavyoshika ganda, vya kwenye kibebeo cha gia ndogo. Ikishika ya kwanza na kukataa ya pili na ya tatu, ni vimeno viwili vya kwenye gia kubwa ya duara. Ikiteleza ya tatu tu kwa mzigo, kingo za msalaba wa klachi zimekuwa mviringo, au ncha za pini za gia ndogo zinazoshikwa na msalaba huo. Vimeno na springi zake ni vya bei ndogo na vipya vipo. Nunua vyote vinne pamoja. Klachi nayo inapatikana. Cheni ndogo ya gia ndiyo inayoharibika zaidi kwa sababu inakunjwa baiskeli ikianguka, na lazima ilingane na urefu wa ekseli: kuna ekseli ya inchi 5¾ na ya 6¼. Pima kabla ya kuagiza. Tazama pia jino la nyuma, yaani gia inayovutwa na cheni: habu za kabla ya miaka ya 1950 zina jino la kufunga kwa thredi, za baadaye ni lenye masikio matatu, linaloshikwa na duara la waya. Havibadilishani.

Usichanganye vipande vya ndani vya S-RF3, habu mpya ya gia tatu ya Sturmey-Archer, na vya AW. Gia ya pili na ya tatu zimepangwa upya humo ili ile nafasi tupu isiwepo, na vipande haviendani. Habu mpya nzima ni nzuri, lakini haina tundu la mafuta, na kwa mazingira ya vumbi letu tundu lile ni mali.

Ukifungua AW, weka alama ya rangi kwenye duara la goroli na kwenye ganda kabla ya kugonga. Duara hilo lina thredi za njia mbili, na likirudi kwa njia nyingine rimu inahama upande. Ndani yake kuna goroli 24 za 3/16. Ukirudisha, koni ya kulia izungushe kwa vidole hadi iguse, irudishe nusu mzunguko, ifunge. Mchezo wote wa kurekebisha ufanywe upande wa kushoto. Na tafadhali, usijaze grisi. Vimeno vinategemea springi nyembamba kama unywele. Grisi nzito inavilaza. Oili nyepesi, kijiko kimoja cha chai kwa mwezi kupitia tundu lake, inatosha.

Breki za vyuma zinataka uangalifu kwenye rimu. Raba zake zinasukuma mabega bapa ya rimu kwa ndani, kwa hiyo rimu ya kisasa ya alumini itaiacha baiskeli bila breki. Hesabu matundu ya spoki pia: Raleigh ya Kiingereza ni 32 mbele na 40 nyuma, na rimu za India za namba hiyo zinaingia bila kubadilisha breki. Raba zenyewe zipo kila mahali, nyingine ngumu mno na zinapiga kelele. Zikifungwa, upande uliozibwa wa kishikio uelekee kule rimu inakokimbilia. Ukigeuza, raba inachomoka breki ikishika. Nati ndogo za fimbo zina thredi za Kiingereza. Nati ya milimita inaingia kwa nguvu na inakula fimbo, na fimbo ndiyo utakayoitafuta mwaka mzima.

Siti ya Brooks ikiwa na ngozi nzima, usiibadilishe kwa ya plastiki. Kaza bolti ya mbele robo mzunguko tu, na ngozi ikiwa kavu, si baada ya mvua.

Tyubu ya valvu ya zamani ikivuja taratibu usiku kucha na maji hayaonyeshi tundu, badilisha mpira mdogo wa valvu. Unauzwa kwa urefu: kata kipande kinachofunika tundu la pembeni na kuzidi kidogo, lowanisha, vuta juu ya mrija mpaka chini, ukaze kofia.