Kamera ndogo ya mfukoni: yenye kidirisha cha jicho au ya kioo tu? Nimetumia zote mbili

Ukienda kuulizia kamera pale Kariakoo kitu cha kwanza utaambiwa ni megapikseli, "hii ishirini bosi, hii ishirini na nne", na mi siku nanunua ya kwanza nikajua ndo mambo yenyewe hayo. Hakuna aliyeniuliza macho yangu yakoje wala picha napiga wapi na saa ngapi. Asa mi nina miaka 47, meseji nasoma nimenyoosha mkono kama nampa konda nauli, na picha zangu karibu zote ni za nje jua likiwa utosini. Megapikseli zingenisaidia nini hapo?

Nilichokuwa nakihitaji ni kile kidirisha cha kuchungulia kwa jicho moja, wenyewe wanaita vyufainda, kitu ambacho enzi za filamu ya picha 36 kila kamera ilikuwa nacho hata ile ya bei chee kabisa, hukukiwaza, unaweka jicho unapiga. Zilipokuja za dijitali zikaja na kioo nyuma, halafu kidogo kidogo kidirisha kikaanza kutolewa ili kamera iwe ndogo na bei ishuke, na sie wote tukaona sawa tu.

Mi nimeona siyo sawa siku ya mahafali ya mpwa wangu, kidato cha nne, Morogoro, saa saba mchana uwanjani. Kamera niliyokuwa nayo siku hiyo jina naliacha, haina kosa, ilikuwa ya kioo tu. Nainyanyua, kwenye kioo najiona mwenyewe na kofia yangu. Nikakinga kwa kiganja, wapi. Nikawa naelekeza tu upande wenye majoho nabonyeza, kumbe na mwangaza nilikuwa nimeupandisha hadi +2 bila kujua, nafikiri kidole kiligusa wakati naitoa kwenye begi, na kwa kuwa kioo sikioni ningejuaje? Jioni nafungua picha, mtoto hana pua, weupe mtupu, mama mdogo kakatwa kichwa kwenye picha nne mfululizo. Dada akaniangalia akasema "kaka, si bora ungetumia simu tu." Sikumjibu maana alikuwa sahihi.

Na kwa kweli hapo ndo watu wengi wanapochanganya, wanasema mbona simu haina kidirisha na naona vizuri juani. Ni kwa sababu vioo vya simu za siku hizi vinang'aa sana, vioo vya kamera hizi ndogo vingi havifiki hata karibu, hasa hizi za miaka ya nyuma ambazo ndo tunazimudu. Kwa hiyo usijipime kwa simu yako ukadhani kamera itakuwa hivohivo.

Basi nikaanza kutafuta. Nilichonunua ni Sony RX100 ya tatu, Mark III, mtumba, laki tisa kasoro. Hii familia ilianza 2012, ya kwanza haina kidirisha kabisa, ya pili ya 2013 unaweza kuchomeka cha nje juu yake, na ya tatu ya 2014 ndo walifanya kitu cha akili, kidirisha kimefichwa ndani ya kamera pembeni, unasukuma kitufe kinaruka juu kama toaster. Kamera nzima gramu 290 na inaingia mfukoni.

Kwanza nisifie. Jicho likishaingia pale jua linabaki nje, umemaliza. Ndani ni kama kativii kadogo, siyo kioo cha kuona moja kwa moja, kwa hiyo unaona picha itakavyotoka, ikiwa imeungua kwa mwanga unaiona imeungua kabla hujabonyeza. Ile +2 ya Morogoro ningeiona sekunde ya kwanza. Pili, kuna kadude kadogo kwenye kidirisha unakasogeza mpaka maandishi yasomeke, wewe wa miaka arobaini na kuendelea nadhani umenielewa, kwenye kioo natafuta miwani ya kusomea, kwenye kidirisha sihitaji kitu. Tatu, kamera ikigusa paji la uso na viwiko vimebana mbavuni mkono hautikisiki kama ukiishika mbele ya uso kwa kunyoosha mikono, jioni jioni mwanga ukipungua utaona tofauti.

Sasa kero. Kidirisha kikiruka juu bado hujamaliza, lazima ukivute nyuma kwa kidole ndo kione vizuri, ukisahau unaona ukungu unaanza kulaumu lenzi. Ukikirudisha chini kamera nayo inazima! Yaani umemaliza kuchungulia unataka tu kuangalia picha nyuma, unakifunga, kamera inalala. Hiyo walikuja kuirekebisha kwenye Mark IV, wakaweka pa kuchagua isizime, na kwenye Mark VI ya 2018 kidirisha kinatoka kwa hatua moja bila kuvuta. Ni kadogo pia, usitegemee ukubwa wa kamera za maharusi, na ukivaa miwani ya kawaida pembe za picha zinakatika inabidi uzungushe jicho. Betri ndo usiseme, vipimo rasmi ni picha 320 kwa kioo na 230 kwa kidirisha, mi natembea na betri mbili za akiba. Na mwili wake unateleza kama sabuni, nimebandika kampira mbele.

Kioo chake kina mpangilio wa juani ukiuwasha kinang'aa zaidi, inasaidia kiasi fulani asubuhi au saa kumi, saa saba ya Dar haisaidii na betri inaisha.

Ningeishia hapo ingekuwa rahisi, "nunua yenye kidirisha", lakini mwaka jana jamaa mmoja alikuwa anahama akaniuzia Ricoh GR III, na hii haina kidirisha, haina fleshi, haina zumu, kioo chenyewe kimegandishwa hakiinuki. Ukisoma hivo unaona kama kuibiwa. Na ndo kamera ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kushika.

Ilitoka 2019, gramu 257, na ndani kuna sensa (siyo ya kuhesabu watu, ni kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu) ya saizi wanayoiita APS-C, kama mara tatu ya eneo la ile ya Sony. Picha zake ukizikuza unaona mpaka magamba ya samaki. Lenzi ni moja tu ya 28mm, pana, inabidi umsogelee mtu. Ila kilichoniteka ni ile fokasi yake (umbali ambao lenzi inauona vizuri) wanaita snap, unaiambia mapema fokasi ikae mita 2.5, unaweka f/8, yaani tundu la lenzi unalibana, na hapo kila kitu kuanzia mita moja na kidogo mpaka huko mbali kinatoka vizuri. Ukibonyeza kitufe moja kwa moja mpaka chini haitafuti kitu, inapiga. Sasa kama fokasi imeshapangwa na lenzi ni ileile kila siku, baada ya wiki mbili tatu unajua kwa mwili tu picha itaishia wapi, kioo unakiangalia cha nini? Nikiwa soko la samaki Feri asubuhi napiga kamera ikiwa kifuani, macho yangu yanaongea na mtu. Na hapa kuna jambo ambalo wenye kidirisha hatulisemi, ukiinua kamera mpaka jichoni kila mtu anakuona umeinua kamera, anayepaa samaki anaacha kisu, mwenzie anauliza "we unatoa gazeti gani?", picha imeshakufa. Kamera ndogo ya kifuani wanaiona kama simu. (Omba ruhusa lakini, tusifanye watu maonyesho, mi nikimaliza huwa nawaonyesha na wengine wanataka nirudie wamevaa vizuri.)

Kwa hiyo kwangu swali siyo ipi bora. Kama unapiga vitu vya kupangilia, familia imesimama, jengo, ngalawa iko mbali unataka kuvuta zumu, mahafali, jua kali, kidirisha hakina mjadala. Kama unapiga mtaani karibu na watu, umeshazoea lenzi moja, unaweza kuishi bila. Kama macho yako ya karibu yameanza kuchoka hata usisumbuke na mzani, chukua yenye kidirisha, na wala siyo lazima Sony. Canon nao walitoa G5 X Mark II mwaka 2019 yenye kidirisha cha kuruka juu, ila angalia usichanganye na G7 X, hizo za G7 X hazina, wana-vlogu ndo wanazigombania kwa sababu kioo kinageuka juu ujione. Panasonic LX100 ya 2014 kidirisha chake kiko pembeni kimetulia, hakuna kuruka wala kuvuta, kwangu hiyo ndo raha, ila mfukoni inatuna. Na kuna hizi Fujifilm X100 tangu 2011, zenyewe unabonyeza kamkono mbele unapata kioo halisi cha kuona dunia kwa macho yako au kativii, unachagua. Nilishika X100F ya rafiki yangu dakika kumi nikarudi nyumbani nina huzuni. Bei yake hata mtumba sijui ni nini kimewapata watu, ile ya 2024, X100VI, ilitoka kwa dola 1,599 mpya na bado ilikuwa haipatikani.

GR nayo kuna vidirisha vya kuchomeka juu, Ricoh wanauza GV-2, ni kioo tu chenye mistari ya fremu, hakionyeshi fokasi wala mwangaza. Vitu vya karibu sana navyo vinahama kidogo kwa sababu huchungulii kupitia lenzi. Kinasaidia jua, hakisaidii kingine. Mi sijanunua, nikishachomeka kitu juu ile kamera haiingii tena mfukoni, na mfuko ndo sababu ya kuwa nayo.

Ukienda kununua mtumba, ya kidirisha cha kuruka ikirushe mara kumi mbele ya muuzaji, kisibaki katikati, kisilegee, na uangalie picha ndani haipepesi. Kwa GR fanya hivi, weka f/16, piga ukuta mweupe au anga, kuza, tafuta vidoa vyeusi. Ni vumbi kwenye sensa, ni ugonjwa unaojulikana wa hizi GR maana lenzi ikitoka na kuingia inavuta hewa, na huwezi kuifuta mwenyewe kwa kuwa lenzi haitoki, fundi anaifungua yote. Muuzaji wa duka moja nililoenda kwanza alikataa nisifanye hilo jaribio, akasema "kamera za kisasa hazina vumbi kaka". Nikamrudishia. Zote mbili mulika tochi ya simu kwenye lenzi uone kama kuna fangasi, kwa unyevu wa Pwani usidharau, na ukifika nyumbani uiweke kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Desemba iliyopita mpwa mwingine kamaliza, uwanja uleule, jua lilelile. Nilienda na Sony, GR nikaiacha nyumbani. Mama mdogo safari hii ana kichwa. Dada kaomba picha tatu zioshwe kubwa za ukutani, kuhusu simu hajasema kitu, na mi sijamkumbusha.