Likizo ya michezo ya maji kutoka Mbeya: chaguo langu la kwanza hadi la nne

Kabla ya safari ya Juni ninayoisimulia hapa, mara ya mwisho kwenda kucheza Dar es Salaam tulishukia Ubungo nikiwa na mtoto mmoja tu mgongoni. Miaka kumi imepita. Sasa ni watatu: mkubwa ana miaka kumi na tatu, wa kati tisa, kitinda mimba mitano. Stendi nayo imehamia Mbezi Luis, treni ya umeme inatembea, na daraja la Kigamboni limefunguliwa tangu 2016. Nilipoanza kupanga likizo ya Juni niligundua kwamba karibu kila nilichokijua kuhusu safari hii kimepitwa na wakati, kwa hiyo nimeandika hapa yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwanza kabisa, kwa sisi wa Mbeya pesa nyingi haiendi getini, inaishia barabarani. Toka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Familia ya watu watano ikienda na kurudi, nauli peke yake inaweza kuzidi viingilio vyote vya kuchezea. Ndiyo maana sipangi machaguo yangu kwa bei ya tiketi ya mlangoni. Ninajiuliza hivi: kwa kila saa ambayo mtoto atakaa kwenye kiti cha basi, atapata saa ngapi za kucheza? Mtu anayekwenda Dar kwa wikendi moja anawachosha watoto bure. Kama huna siku tano, ruka hadi chaguo la nne.

1. Kunduchi, siku mbili za katikati ya wiki

Hili ndilo la kwanza kwangu, na halina mshindani kwa watoto wa miaka saba hadi kumi na tano. Kunduchi Wet 'n' Wild iko pwani ya kaskazini mwa Dar, ina mabwawa mengi na mitelezo ya kila namna, mifupi ya watoto wadogo na mirefu ya kupiga kelele. Nenda siku mbili, usiende moja. Siku ya kwanza watoto wa nyanda za juu wanaogopa. Kitinda mimba wangu alisimama pembeni ya bwawa la kina cha magoti karibu nusu saa, ameshika taulo kwa mikono miwili, anamtazama dada yake anavyotokea kwenye mdomo wa bomba na kuzama na kuibuka. Akaniuliza, "Mama, lile bomba ndani lina giza?" Siku ya pili ndiye aliyekataa kutoka majini. Kama ningelipia siku moja tu, ningekuwa nimelipia woga wake peke yake.

Katikati ya wiki nasisitiza kwa sababu ya foleni. Jumamosi, Jumapili na sikukuu watu wanafurika, na mtoto anapanga mstari kwenye ngazi muda mrefu kuliko anaoteleza. Kabla ya kulipa, piga simu uulize mambo manne: siku hiyo wako wazi kwa familia nzima, bei ya mtoto inaishia umri au urefu gani, chakula cha kutoka nje kinaruhusiwa, na nguo gani zinakubalika majini. La nguo lisikupite. Fulana za pamba na kaptula za jinzi hukataliwa sehemu nyingi za namna hii, na nguo za kuogelea zinazouzwa mlangoni hazina huruma. Nunua soko la Mwanjelwa hapa Mbeya kabla ya safari, mitumba mizuri ipo tele.

Wapime watoto nyumbani. Mitelezo mirefu ina kipimo cha urefu, na mtoto aliyesafiri siku nzima halafu akarudishwa kwenye ngazi kwa sababu ya sentimita tatu atalia hadi Morogoro. Sisi tuliwasimamisha kwenye fremu ya mlango wa jikoni, tukachora alama kwa penseli, kila mmoja akajua namba yake kabla hatujaondoka. Huyu wa kati alikuwa akijipima kila asubuhi wiki nzima.

Na jambo ambalo sitaki mzazi yeyote alichukulie kirahisi: watoto wetu wengi hawajui kuogelea. Mbeya maji ni ya baridi na mabwawa ni ya kuhesabu. Kuwepo kwa walinzi wa bwawa hakukuondolei zamu. Sisi wawili tuligawana, mmoja yuko majini na mdogo, mwingine macho kwa wakubwa, simu ziko kwenye begi. Omba jaketi la kuokolea kwa kila asiyejua kuogelea, hata kama anaona aibu mbele ya wenzake.

Malazi tafuta Kunduchi, Mtongani au Mbezi Beach. Usilale Kariakoo ukidhani umeokoa pesa, foleni ya Dar itakula asubuhi yako yote. Ukishuka Mbezi Luis huna haja ya kwenda mjini kabisa: chukua barabara ya Goba utokee Tangi Bovu, uko tayari Barabara ya Bagamoyo. Chumba kiwe na chandarua kizima. Watoto waliokulia kwenye baridi ya Mbeya hawajazoea mbu wa pwani, na homa ikianza baada ya kurudi, wahi kupima malaria.

Kwenye malazi niliumia. Nilituma nusu ya pesa kwa simu kwa ajili ya chumba cha familia nilichokiona kwenye picha, kwa namba ya mtu binafsi. Tulipofika tuliambiwa chumba kile "kina wageni", tukapewa viwili vidogo visivyopakana, na mwenye namba hakupokea tena. Sasa silipi kwa jina la mtu. Nalipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, na naomba nitumiwe picha fupi ya video ya chumba chenyewe siku hiyo hiyo.

Na basi? Kata tiketi ya basi la alfajiri, linalosafiri mchana. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023 na watu wengi wanayapenda, lakini ukipita usiku unakosa kitu cha bure kabisa: barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Ukitoka Mbeya alfajiri, unapita pale jua likiwa bado lipo. Sisi tuliona tembo watano karibu na lami, twiga, pundamilia na swala wasiohesabika, na basi zima lilikuwa limehamia upande mmoja wa madirisha. Kabla ya hapo kuna mteremko wa Kitonga, ambao mtoto wa kati aliushuka amefumba macho, kisha mibuyu ya Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake. Nauli iangalie kwanza kwenye nauli elekezi za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kata tiketi ofisini. Mpiga debe atakwambia viti vimebaki viwili tu, na ukifika ndani unakuta nusu ya basi ni wazi.

Ukitaka kuwaongezea watoto furaha, shuka Morogoro na umalizie kwa treni ya umeme. Nauli ya daraja la kawaida ya Morogoro hadi Dar ilipangwa shilingi 13,000 treni ilipoanza 2024, na inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa mtoto hiyo nayo ni mashine ya kuchezea. Shida ni kwamba inakushusha katikati ya jiji, mbali na Kunduchi, kwa hiyo mimi ningeitumia wakati wa kurudi, siyo wakati wa kwenda na mizigo yote. TAZARA, treni ya Mbeya hadi Dar, ninaipenda mno, hasa mahandaki na madaraja ya kati ya Makambako na Mlimba, lakini usiijengee ratiba ya siku tano. Thibitisha kituoni Iyunga kwamba treni ya abiria inatembea wiki hiyo, na uwe na siku ya ziada mkononi. Mwenye pesa na siku chache ana ndege ya Songwe.

2. Ruaha, kupitia Iringa

Hifadhi hii ya wanyama niliipandisha hadi nafasi ya pili baada ya kufikiri sana, kwa sababu watoto wa miaka kumi na kuendelea huikumbuka kuliko wanavyotarajia. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi yake, maji yanapungua na wanyama wanasogea mtoni. Kiingilio cha Mtanzania si cha kutisha, na wa chini ya miaka mitano hawalipi. Kinachokula pesa ni gari. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, kisha gari hilo hilo lazima liwatembeze ndani. Tafuta familia nyingine mgawane gari lenye paa la kufunguka, gharama inashuka karibu nusu. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, si ya fedha taslimu, na kibali kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ingieni mchana wa leo mtoke mchana wa kesho, mpate jioni na alfajiri kwa kibali kimoja. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazifuata.

Njiani simameni Isimila, kama kilomita 20 kabla ya kufika Iringa mjini ukitokea Mbeya. Nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko zinawashangaza watoto, na zana za mawe za kale ziko pale pale.

3. Fun City, Kigamboni

Ina maji na ina mashine za nchi kavu pia, hivyo inamfaa mtoto anayeogopa maji. Ningeiweka ya kwanza kwa wenye ndugu Kigamboni. Kwa anayeshuka Mbezi Luis, kuvuka jiji zima na watoto waliochoka ni adhabu. Wengine huunganisha hii na Kunduchi kwenye safari moja. Mimi ningeongeza siku ya tatu Kunduchi.

4. Matema

Kwa wenye siku tatu na bajeti ndogo. Unashuka kupitia Tukuyu, unapita kwenye migomba na kakao hadi Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama kama ukuta kabisa. Mchanga ni wa bure, na vyungu vya Wakisi ni zawadi nzuri ya bibi. Hakuna mtelezo hata mmoja, waambieni watoto ukweli mapema. Ulizeni wenyeji mahali salama pa kuogelea, mkae mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na kumbukeni kichocho.

Kama mnakwenda Dar likizo ya Desemba, tiketi za kurudi Mbeya zikateni siku ile ile mnayoshuka Mbezi Luis, kabla hamjatoka stendi. Wiki ya kufungua shule viti vya watu watano pamoja havipatikani, na sisi tulirudi watatu kwenye basi moja na wawili kwenye jingine.